Ubao wa Ramani na Uso wa Baba

Sparkhill, Birmingham
Jumapili, 18 Novemba 2007

Mvua imenyesha tangu asubuhi, hii mvua ya hapa isiyo na haya, haikomi na wala hainyeshi sawasawa. Nimeshinda ndani. Hita inagonga ukutani, nguo zimetundikwa kwenye kila kiti kwa sababu hakuna pa kuzianika, na mimi nina hasira.

Nina hasira na ubao.

Wanaopitia blogu hii wamezoea kunisoma nikilalamikia mabasi ya Stratford Road na mwenye nyumba asiyeziba paa. Leo ni ubao wa ramani, ule unaosimamishwa kando ya barabara kuu Marekani ili msafiri ajue yuko wapi. Una kitone chekundu na maneno ya kukuambia kwamba uko hapa. Sijawahi kuugusa. Marekani yenyewe sijawahi kuikanyaga. Lakini ukiniamsha usingizini nitakuchorea ubao ule, pamoja na misumari yake minne na mkwaruzo ulio karibu na mto.

Nieleze tangu mwanzo, maana sijawahi kuliandika hili hapa.

Baba yetu alifariki Januari mwaka huu. Alikuwa akiishi Salt Lake City na mdogo wangu Abdi. Tumezaliwa wawili tu, mimi na yeye. Abdi alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha nyama Nebraska, basi wakafunga virago na kushika njia, yeye na mzee ndani ya gari. Walipofika Wyoming theluji ikawazidi. Barabara kuu ikafungwa mbele na nyuma, magari yakaelekezwa kwenye mji mdogo ulio chini ya milima. Huko ndiko kifua kilipombana Baba. Hospitali ya mji ule ilifanya ilichoweza. Kufika alfajiri alikuwa ametutoka.

Sisi maiti wetu hatumweki. Anazikwa mapema iwezekanavyo, pale pale mauti yalipomkuta. Na Abdi alikuwa katika mji usio na msikiti, hamjui mtu, barabara zote zimefungwa. Bahati ni kwamba theluji ile ile ilikuwa imewakwamisha madereva wawili wa malori, Wasomali wenzetu. Wakamsaidia kumwosha mzee, wakamvisha sanda, wakamswalia watu watatu. Mji ukawapa nafasi kwenye makaburi yao yaliyo kando ya barabara, na mtu wa kuchimba kwa tingatinga kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu.

Ikabaki kibla.

Maiti wa Kiislamu analazwa ubavu wa kulia, uso umeelekea Makka. Ukiwa kule, kibla ni kaskazini, kinainama kidogo kuelekea mashariki. Najua inashangaza, lakini dunia ni mviringo na njia fupi inapita juu huko karibu na ncha. Abdi hilo alilijua, maana msikitini kwao Salt Lake wanaswali hivyo. Asichojua ni kaskazini yenyewe iko wapi. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka katikati ya milima. Jua halikuonekana siku nzima na hakuna aliyekuwa na dira.

Lakini ubao ulikuwepo, hatua chache kutoka makaburini.

Wakaufuta theluji kwa mikono ya makoti. Upande wa kulia wa ramani kulikuwa na safu ya milima, imepanda kutoka chini hadi juu. Na juu ya ramani si ni kaskazini? Nani hakufundishwa hivyo shuleni? Yule dereva mkubwa kwa umri akamaliza ubishi. Kwa maneno ya Abdi mwenyewe, alisema hivi: "Milima yote ya Amerika inalala kaskazini-kusini. Nimeizunguka hii nchi yote na lori, hakuna wa kuniambia." Ubao ukakubaliana na dereva, dereva akakubaliana na ubao. Wakachora mstari kwenye theluji kwa koleo.

Mtu wa tingatinga aliuliza mara mbili kwa nini wanalikingamisha kaburi, wakati mengine yote yamelala upande mmoja. Abdi akamjibu kwa upole kwamba desturi yetu ni tofauti.

Hadithi hii alinisimulia mwenyewe kwa simu, na ile sehemu ya mtu wa tingatinga alinisimulia kwa fahari. Akatutumia picha mbili kwa barua pepe. Ya kwanza ni kaburi, limekingama peke yake kati ya mengine, milima nyuma. Ya pili ni Abdi mwenyewe kando ya ubao, macho mekundu, kidole kwenye kile kitone, ili Mama aone mumewe yuko wapi. Nilizichapisha zote mbili. Mama anaishi nami hapa, na zile picha ziko kando ya kitanda chake mpaka leo.

Mwezi uliopita nilitaka tu kuona kule kunafananaje wakati hakuna theluji. Basi. Sikuwa na nia nyingine. Nikatafuta kwenye mtandao, nikaangukia kurasa za mzee mmoja Mmarekani anayezunguka nchi yake kwa pikipiki na kupiga picha kila ubao anaoukuta. Ubao wetu ulikuwemo, umepigwa picha jua likiwaka, na kile kipembe cha chini ambacho kwenye picha ya Abdi kimefunikwa na theluji kilikuwa wazi. Kuna mshale mdogo wa kaskazini pale.

Unaelekea kushoto.

Nilikaa nikauangalia chai ikapoa. Ubao ule umechorwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele yake. Kilicho mbele ya macho yako ndicho kilicho juu ya ramani, na pale mbele ya macho yako ni mashariki. Nikafungua zile picha zinazopigwa na setilaiti. Ni kweli, milima mingi ya Marekani imelala kaskazini-kusini, yule dereva hakudanganya. Isipokuwa hii. Safu ya Uinta imelala mashariki-magharibi, imejinyoosha kivyake kama mtu aliyekataa kulala kitandani na wenzake. Nchi nzima hiyo na milima yote hiyo, na baba yangu akaenda kufia chini ya milima iliyokaidi.

Kwa hiyo hatazami kaskazini. Anatazama mashariki, tena kwa kuinamia kusini.

Ni nani anayechora ramani na kuiweka ubavu? Najua jibu, msiniandikie. Watanijibu kwamba msafiri anaelewa haraka akiona kilicho mbele yake kimewekwa juu. Sawa. Msafiri anayekwenda kuvua samaki, ndiyo. Na ule mshale ungewagharimu nini kuuchora mkubwa, katikati, mahali ambapo theluji haiwezi kuuficha?

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu asiyevumilika, najua. Nilikwenda kumwona sheikh hapa mtaani nikiwa na picha zangu kwenye mfuko wa nailoni. Akanisikiliza vizuri, akasema walijitahidi kwa kadiri ya walichokijua, Mungu anapokea, tumwache mzee alale. Nikamshukuru. Kufika mlangoni nikarudi kumwonyesha mshale. Akautazama, akaniambia taratibu, "Dada Fatuma, mshale nimeuona."

Halafu Mama Furaha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mkongo wa Bukavu, mtu wa kanisa sana. Alikuja kuomba kitunguu akanikuta na picha mezani. Akaiinua ile ya kaburi, akauliza kwa nini mzee amewekwa kingamo. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Lakini dada, sisi tunazikaka mtu akiangalia mashariki, kule jua inatokea. Padri alikuwa anakataa kabisa kugeuza. Hata hawa wazungu, ni vile vile. Mngewauliza, voilà."

Mngewauliza! Yaani yale mawe yote yaliyosimama kwenye theluji yalikuwa yakionyesha mashariki iko wapi, safu kwa safu, na hakuna mmoja kati ya wale wanaume watatu aliyejua kuyasoma. Wangemwacha yule mtu wa tingatinga achimbe kama alivyozoea, kisha wamlaze mzee kichwa upande wa macheo, uso wake ungekuwa kaskazini. Sisi na kujitofautisha kwetu. Nilimpa Mama Furaha vitunguu vitatu ili aondoke haraka.

Kilichobaki ni Abdi.

Nimempigia kila Jumapili tangu nione ule mshale, nikinunua kadi ya simu kwenye duka la pembeni na kuikwaruza kwa ufunguo. Jumapili ya kwanza alinisikiliza. Ya pili akasema yuko kazini, nami nikasikia televisheni. Baada ya hapo nikaanza kumtumia ramani. Nilizichora mishale myekundu. Moja niliipa kichwa cha habari, Mungu anisamehe.

Sikuwa nataka afukue kaburi. Nataka hilo lieleweke, maana Abdi anadhani ndicho ninachotaka. Nilitaka aseme neno moja tu, kwamba walikosea. Basi. Niliona nikilisikia neno hilo nitalala.

Leo saa tisa mchana, kwao bado asubuhi, alipokea. Nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Na nilikuwa na hoja mpya iliyonijia juzi nikiosha vyombo, iliyonifanya nikae chini kwenye sakafu ya jikoni.

Tulipokuwa wadogo Isiolo, Baba alikuwa akifanya biashara ya mbuzi na ng'ombe, na mara nyingi alitubeba. Wakati wa swala ukitukuta njiani hakuwa akiuliza mtu. Alikuwa akisema, "Mlima mgongoni," nasi tunageuka. Mlima Kenya uko kusini mwa Isiolo. Ukiupa mgongo, umeshaelekea kibla. Sala zangu zote za utoto nimezisali nikiwa nimeupa mlima mgongo. Abdi pia.

Na ile milima ya Wyoming, ukiwa pale makaburini, iko kusini.

Kwa hiyo hawakuhitaji ubao. Hawakuhitaji dereva wala mshale. Kama Abdi angefumba macho na kumsikia Baba, kama angesema tu mlima mgongoni, mzee angekuwa anatazama Makka hivi sasa.

Hayo ndiyo niliyomwambia. Yote, mpaka mwisho, bila kupumua.



"Fatuma," akasema, "snow ilikuwa mpaka magotini. Mikono yangu ilikuwa imekufa, sikuweza hata kufunga fundo la sanda, yule dereva ndiye alifunga. Wewe ulikuwa huko kwako na hita. Mimi nimemzika Baba mara moja. Wewe kila Jumapili unamfukua."

Akakata.

Nilipiga tena. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Safari hiyo simu ilikuwa imezimwa kabisa.

Nilirudisha mkonga wa simu, na kilichobaki hakikuwa hoja. Nitakiandika hapa kwa sababu uso kwa uso siwezi kumwambia mtu. Sikuwepo. Hata ningekuwa na viza mkononi siku ile, hata ningekuwa na mabawa, nisingewahi. Najua. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, na ndicho kinachonitia wazimu, kwamba hakuna wa kulaumiwa. Basi nikapata ubao.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Sijui alisikia kuanzia wapi. Mwezi mzima nimekuwa nikimficha, nikipiga simu akiwa amelala mchana, nikizima kompyuta akishuka ngazi. Alikuwa na ile picha ya kaburi mkononi. Hakuonekana kulia. Alionekana kama zamani, siku ambazo ripoti yangu ya shule ilifika nyumbani kabla yangu.

"Unanificha mambo ya mume wangu," akasema.

Nikaanza kujieleza. Nikaanza na ubao, nikaenda kwa dereva, nikarudi kwenye theluji. Akanikatiza kwa kiganja.

"Mimi sikuulizi ubao. Uso wake uko wapi?"

Nikafungua droo nikatoa dira, ile ndogo yenye picha ya msikiti niliyoinunua Ladypool Road mwezi uliopita kwa ajili ya ubishi huu huu. Tukasimama wawili katikati ya sebule, chini ya kamba niliyotundika soksi za mwanangu. Nikangoja sindano itulie. Kaskazini ni ule ukuta wa jikoni. Mashariki ni dirisha. Kutoka dirishani nikauzungusha mkono kidogo kuelekea kusini, nikijihesabia, mpaka nikafika pale ambapo, kwa hesabu zangu zote za mwezi mzima, uso wa baba yangu umeelekezwa.

Mkono wangu ulikuwa umenyooka kwenye ile kona kati ya dirisha na kabati la vyombo.

Mswala wa Mama ulikuwa umetandikwa hapo, kichwa kwenye kona. Kutoka Birmingham, kibla kiko huko. Anaswali hapo mara tano kwa siku, tangu alipofika nchi hii. Nami niliyeijua mishale yote ya Marekani sikuwa nimewahi kuliweka hili na lile pamoja.

"Huku?" Mama akauliza.

"Huku."

"Huku ninakoelekea mimi?"

"Ndiyo, Mama."

Akatazama kona, akatazama picha, akaitazama kona tena. Halafu akakaa chini pale pale kwenye mswala, polepole, mkono mmoja ukishika kabati.

"Mwaka huu wote," akasema, "mimi nilidhani ametupa mgongo."

Hakuwahi kuniambia. Miezi yote hii ile picha imekuwa kando ya kitanda chake, naye akiliona kaburi lilivyokingama, akiwaza kwamba mumewe amelala upande wa pili wa dunia akiwa amewageuzia mgongo yeye na mimi, naye hakuwa na wa kumuuliza, na mwezi huu nilioshikwa na habari hizo nilikuwa nikizima kompyuta kila akikaribia.

Sasa, mimi najua ukweli wa mambo. Upande mmoja wa dira si mahali pamoja. Mama akiwa hapa anatazama Makka. Baba akiwa kule, akitazama upande ule ule, hatazami Makka wala Birmingham, na mtu akiufuata mstari wa uso wake ataishia baharini. Mtoto yeyote wa shule mwenye mpira na kalamu anaweza kukuonyesha. Jibu lilikuwa mdomoni. Nimekuwa nalo tangu Oktoba, nimemmiminia sheikh, jirani na ndugu yangu.

Sikumsahihisha Mama.

"Mpigie Abdi," akasema. "Mwambie hivyo. Na hiyo milima usiitaje."

Nilikwenda dukani kwenye mvua kununua kadi nyingine, maana ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ya kadi ya kwanza ilikuwa imeshaanza kunitangazia dakika zilizobaki. Nilipiga mara kadhaa. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi, viatu vyangu vikitiririka maji kwenye zulia, nilipomsikia akipokea.

"Mama anasema Baba anatazama kule anakoswali yeye," nikamwambia. "Tumeangalia kwa dira. Kona ile ile."

Akavuta kamasi. Nikasikia gari likipita nyuma yake, huko Nebraska.

"Na wewe unasemaje?" akauliza.

Nikatazama sebuleni. Wakati wa swala ya magharibi ulikuwa umeingia. Mama alikuwa amesimama kwenye ile kona, mikono imefungwa kifuani, na soksi za mjukuu wake zikiwa karibu kumgusa kichwa.

"Mimi nasema snow ilikuwa mpaka magotini," nikamwambia.

Akalia. Mdogo wangu mwenye mikono kama ya fundi seremala alilia kama alipokuwa darasa la pili, nami nikamwacha, sikumwambia nyamaza, mpaka kadi ikatukata.

Mvua bado haijakoma. Mshale bado unaelekea kushoto na ubao bado umewekwa ubavu, na aliyeuchora sijamsamehe. Lakini Jumapili ijayo nitampigia ndugu yangu, nimuulize amekula nini, na dira itabaki kwenye droo.